Msaada upo chuoni, ila una wakati wake: mwongozo kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hubebwa na ratiba. Ana vipindi, ana wenzake wengi ukumbini, ana mtihani wenye tarehe. Ukiingia kwenye utafiti wa uzamili au uzamivu, ratiba hiyo inakwisha. Unabaki na mada yako, msimamizi mmoja au wawili, na miaka kadhaa mbele yako. Chuo kina ofisi, warsha na watu walioajiriwa wakusaidie, lakini hakuna atakayekushika mkono akupeleke kwao. Wengi wetu huzifahamu ofisi hizo mambo yakiwa yameshaharibika: data zimekusanywa vibaya, ada imeshindikana, msimamizi hajibu, usingizi umepotea.

Hapa nitakueleza uende wapi, lini, na ukifika useme nini. Nisisitize hilo la "lini". Karibu kila huduma chuoni ina wakati ambao inaweza kukuokoa, na wakati ambao wahudumu wake wanabaki kukupa pole tu.

Hatua ya 1: Orodhesha watu, usiorodheshe ofisi

Wiki za mwanzo, chukua karatasi moja na uandike nani anashughulika na nini. Anza na kurugenzi au shule ya masomo ya uzamili, maana huko ndiko usajili, ripoti za maendeleo na taratibu za tasnifu zinakopita. Fuatisha mkutubi wa fani yako, kituo cha uandishi, mshauri wa takwimu, kamati ya maadili ya utafiti, ushauri nasaha, zahanati, ofisi ya ufadhili, chama cha wanafunzi wa uzamili na ofisi inayopokea malalamiko. Kama umetoka nchi nyingine, ongeza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Kama una ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu, ongeza ofisi ya huduma kwa wenye mahitaji maalumu, na ujisajili huko mapema hata kama leo huhitaji chochote. Kupata muda wa ziada au vifaa mara nyingi hudai nyaraka za daktari, na nyaraka hazipatikani kwa siku moja.

Mbele ya kila huduma andika jina la mtu. Anwani ya ofisi hupokea barua za chuo kizima. Mtu anayekufahamu kwa sura hukujibu. Ukikosa jina, waulize waliokutangulia mwaka mmoja au miwili. Wao ndio wanaojua ni nani hasa anayefanya kazi hiyo, kwa sababu katika vyuo vingi, hasa vidogo, hakuna "kituo cha takwimu". Kuna mhadhiri mmoja mkarimu mwenye saa zake za kupokea wanafunzi.

Siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya, nenda. Hotuba zinaweza kuwa ndefu, lakini utaziona sura za watu utakaowahitaji kwa miaka mitatu ijayo.

Kitu kingine cha kutafuta wiki hizo ni kitabu cha kanuni za masomo ya uzamili. Huna haja ya kukisoma chote. Tafuta mambo manne: ukomo wa muda wa masomo, masharti ya kuahirisha, utaratibu wa kubadili msimamizi, na namna maendeleo yako yatakavyopimwa kila mwaka. Mambo haya husomwa kwa utulivu wakati huna tatizo. Ukiwa nalo tayari, kila mstari utausoma kwa hofu.

Hatua ya 2: Mkutubi kabla ya pendekezo la utafiti

Kama ningeruhusiwa kumshauri mwanafunzi mpya jambo moja tu, ningemwambia amwone mkutubi wa fani yake kabla hajaandika pendekezo. Watu hudhani mkutubi kazi yake ni kuazimisha vitabu. Mkutubi wa fani amesomea namna ya kutafuta maarifa, na mara nyingi nusu saa mezani kwake inakupunguzia wiki nzima za kuhangaika.

Usiende na ombi la jumla kama "naomba nisaidiwe maandiko". Nenda na swali lenye mipaka. Ujumbe wa namna hii unatosha:

"Habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa kwanza, Idara ya Afya ya Jamii. Natafuta makala kuhusu sababu zinazowafanya wajawazito wachelewe kuanza kliniki. Nimetafuta kwa maneno mawili matatu nikapata maelfu ya makala, nyingi hazinihusu. Naomba nafasi ya nusu saa unionyeshe namna ya kuchuja. Nitakuja na orodha ya maneno niliyokwisha kutumia."

Hiyo orodha ya maneno uliyotumia ndiyo inayomwezesha akusaidie, kwa sababu anaona ulipokwama. Atakuonyesha visawe vya maneno yako, namna ya kuyaunganisha ili utafutaji upanuke au ubane, na hifadhidata ambazo chuo kinazilipia bila wewe kujua. Mwombe mambo mengine mawili. Kwanza, akuwekee tahadhari ya baruapepe, ili makala mpya kuhusu mada yako zikufuate zenyewe. Pili, akueleze utaratibu wa kuazima kutoka maktaba za vyuo vingine. Kama chuo chako kiko katika nchi yenye kipato cha chini, muulize kama kimejisajili Research4Life, mpango ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na sasa unafungua majarida ya fani nyingi bure au kwa bei nafuu.

Siku hiyohiyo anza kutumia programu ya kutunza marejeo. Zotero ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, na inakuandalia orodha ya marejeo kwa mtindo wowote chuo kinachoutaka. Nasema siku hiyohiyo kwa sababu kesi nyingi za wizi wa maandishi hazianzi na nia mbaya. Mtu ananakili aya nzuri kwenye daftari lake bila kuandika imetoka wapi, na mwaka mmoja baadaye anaikuta na kudhani aliiandika mwenyewe.

Hatua ya 3: Takwimu na maadili kabla ya data

Mwaka 1938, mwanatakwimu Ronald Fisher aliwaambia wenzake kwamba kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwomba apasue maiti: huenda akaweza kukuambia jaribio lilikufa kwa ugonjwa gani. Maneno hayo bado ni ya kweli kila muhula. Mwanafunzi anafika kwa mshauri wa takwimu na hojaji mia nne zilizokwisha kujazwa, kisha anagundua kwamba swali lake kuu haliwezi kujibiwa kwa maswali aliyouliza.

Nenda ukiwa na vitu vitatu kwenye ukurasa mmoja: swali la utafiti, kitu utakachopima, na utakavyowapata washiriki. Mshauri atakusaidia kukadiria ukubwa wa sampuli na kuchagua uchambuzi mapema. Wa mahojiano na masimulizi nao wasijione hawahusiki. Uliza nani chuoni ana uzoefu wa kuchambua data za maelezo, umwonyeshe mwongozo wako wa maswali kabla hujaenda uwanjani.

Kibali cha maadili nacho usikiache kiwe cha mwisho. Kamati hukutana kwa ratiba yake, na mara nyingi hurudisha maombi yakarekebishwe. Uliza tarehe za vikao vya mwaka mzima, uhesabu kurudi nyuma, ukiweka nafasi ya kurudishwa angalau mara moja. Data zilizokusanywa bila kibali zinaweza kukataliwa hata kama ni nzuri kiasi gani.

Hatua ya 4: Chagua matukio machache, uyahudhurie kweli

Kalenda ya chuo hujaa: warsha, semina, makongamano, mihadhara ya wageni, hafla za chai. Ukienda kote hutaandika. Usipokwenda kokote, utafiti wako utakua gizani. Mimi nashauri mafungu matatu kwa muhula: semina ya kila wiki ya idara yako, warsha moja ya ujuzi unaouhitaji muhula huohuo, na mkusanyiko mmoja wa kukutana na watu tu. Warsha ya ujuzi utakaouhitaji baada ya miaka miwili iache, utakuwa umeusahau.

Kwenye semina, soma muhtasari kabla, andika swali moja, na kaa mahali unapoweza kuonekana. Swali zuri si lazima liwe la kumkosoa mzungumzaji. "Kwa nini ulichagua njia hii, ukaiacha ile?" ni swali ambalo kila mtafiti hupenda kulijibu, na jibu lake ndilo litakalokufundisha zaidi. Baadaye msogelee mtu mmoja, umwambie unatafiti nini kwa sentensi mbili.

Kuna tukio ambalo wengi hulipuuza, nami naliona ni bora kuliko yote: utetezi wa tasnifu za wengine. Chuo chako kikiruhusu wasikilizaji, hudhuria kuanzia mwaka wa kwanza. Utasikia watahini wanavyouliza, utaona ni wapi mtahiniwa anatetereka, na utagundua kwamba maswali mengi hujirudia: mchango wako mpya ni upi, kwa nini sampuli hii, ungefanya nini tofauti. Mwanafunzi aliyekwisha kukaa kwenye utetezi wa watu watano haingii kwenye wake akiwa mgeni.

Kama chuo chako kina shindano la Three Minute Thesis, jiandikishe hata kama hupendi mashindano. Lilianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008. Jimbo lilikuwa limekumbwa na ukame, watu wakihimizwa kuoga kwa kupima muda kwa kipimasaa cha dakika 3, na hapo ndipo mkuu wa shule ya uzamili alipopata wazo la kupima tasnifu kwa muda huohuo. Sheria ni rahisi: dakika 3, slaidi 1 isiyosogea, hakuna kifaa kingine. Ukizidisha muda, unaondolewa. Faida yake haipo kwenye zawadi. Ili uieleze kazi ya miaka minne kwa dakika 3 kwa mtu asiye wa fani yako, inakubidi uamue jambo kuu ni lipi, na uamuzi huo utakusaidia baadaye kwenye ikisiri, kwenye sura ya utangulizi na mbele ya wafadhili.

Hatua ya 5: Kama hakuna kundi la kuandika, lianzishe

Upweke ndio unaowaangusha wengi kwenye uandishi kuliko ugumu wa mada. Dawa yake ni kukaa na watu wengine wanaoandika, hata kama kila mmoja ana mada yake. Kituo cha uandishi au maktaba huenda tayari wana vikao vya namna hiyo. Kama hawana, watu watatu wanatosha.

Kikao kizuri huenda hivi. Mnakutana saa 3 asubuhi, siku ileile kila wiki, chumba kilekile. Maktaba nyingi huruhusu kukiweka kwa muhula mzima. Dakika 10 za mwanzo kila mtu anasema kwa sauti ataandika nini: si "nitashughulikia sura ya pili", bali "nitaandika aya tatu kuhusu udhaifu wa tafiti zilizotangulia". Simu zinawekwa kwenye begi. Mnaandika dakika 45 bila mazungumzo, mnapumzika 15, mnaandika tena 45. Mwishoni kila mmoja anasema amefika wapi. Asiyefika halaumiwi, anaulizwa tu nini kilimzuia, na mara nyingi jibu lake linaonyesha kwamba lengo lilikuwa kubwa mno au kwamba kuna jambo la kumuuliza msimamizi.

Wekeni sharti moja: kikao hiki ni cha kuandika. Kusomeana rasimu kufanyike siku nyingine, kwa sababu kukosoa na kuandika havikai vizuri katika asubuhi moja. Na kama mnasoma kwa mbali, kikao kinafanyika vilevile kwa video, kamera zikiwa wazi na sauti zikiwa zimezimwa.

Hatua ya 6: Msimamizi na maandishi ya kikao

Baada ya kila kikao na msimamizi, siku hiyohiyo mwandikie baruapepe fupi: "Asante Dokta kwa muda wako. Nimeelewa kwamba nipunguze malengo yabaki mawili, nirekebishe hojaji, na nikuletee sura ya tatu tarehe 15. Naomba unisahihishe kama kuna nilipokosea." Inakuonyesha kama mmeelewana, na inabaki kuwa kumbukumbu. Msimamizi mwenye wanafunzi kumi hakumbuki alichokuambia mwezi wa pili, barua hukumbuka.

Akiwa hajibu, mkumbushe kwa adabu baada ya wiki mbili, ukimrahisishia: badala ya "naomba maoni", taja kurasa unazotaka azione na swali lenyewe. Ukimya ukizidi mwezi, zungumza na mratibu wa masomo ya uzamili wa idara. Hujamshtaki mtu kwa kufanya hivyo. Mratibu yupo kwa kazi hiyo, na kuongea mapema kabla hasira haijapanda huacha mlango wazi kwa pande zote.

Jambo likiwa zito zaidi, kama kudaiwa rushwa ya ngono, kunyanyaswa, kutishwa, au kazi yako kuchapishwa kwa jina la mtu mwingine, usianzie idarani. Nenda ofisi ya malalamiko, dawati la jinsia au mshauri wa wanafunzi. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo, na uhifadhi ujumbe wote nje ya akaunti ya chuo. Uliza tangu mwanzo nani atasoma malalamiko yako na utalindwa vipi yakichunguzwa. Unaweza kwenda na mtu wa chama cha wanafunzi akae pembeni yako.

Hatua ya 7: Fedha

Ofisi ya ufadhili iulize mambo mawili: kuna mfuko wa dharura kwa wanafunzi, na kuna ruzuku ndogo za uwandani au za safari za makongamano? Ruzuku ndogo waombaji wake mara nyingi ni wachache, na ukipata moja inakuwa ushahidi unapoomba kubwa. Ada ikikwama, nenda kabla ya tarehe ya mwisho ukiwa na pendekezo la kulipa kwa awamu. Anayekuja na mpango husikilizwa tofauti na anayekuja baada ya kufungiwa usajili.

Hatua ya 8: Ushauri nasaha si kwa "waliochanganyikiwa"

Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha utafiti uliohusisha watu 2,279, wengi wao wanafunzi wa uzamivu, kutoka nchi 26. Asilimia 41 walikuwa na wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali, na asilimia 39 walikuwa na sonona ya kiwango hicho. Walioshiriki walijitolea wenyewe, kwa hiyo takwimu hizo haziwezi kumsemea kila mwanafunzi duniani. Zinatosha hata hivyo kukuonyesha kwamba ukijikuta umezama, huko chini hauko peke yako.

Dalili za kukufanya uchukue hatua si lazima ziwe kubwa. Wiki mbili huwezi kufungua faili la tasnifu. Unaamka saa 9 usiku na hulali tena. Unawakwepa wenzako korido isije ikaulizwa "umefika wapi?". Umeanza kutegemea pombe au vidonge ili upate usingizi. Hapo omba miadi. Sema maneno mepesi: "Naomba kumwona mshauri. Silali vizuri kwa wiki tatu na kazi yangu imesimama." Huhitaji kueleza maisha yako yote mapokezini.

Kikao cha kwanza kwa kawaida ni cha kufahamiana na kupima hali: utaulizwa kuhusu usingizi, chakula, familia, na kama umewahi kufikiria kujidhuru. Jibu kwa ukweli. Uliza mipaka ya usiri. Kwa kawaida unayosema hayamfikii msimamizi wako, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini. Vyuo vingi huweka kikomo cha idadi ya vikao, kwa hiyo uliza mapema utapelekwa wapi vikiisha. Mshauri wa kwanza asipokufaa, una haki ya kuomba mwingine.

Kama mawazo ya kujiua yamekuja, usisubiri miadi. Nenda zahanati au hospitali iliyo karibu, piga namba ya dharura, au mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, kwa maneno ya wazi, akusindikize. Na ukiwa wewe ndiye unayemhofia mwenzako, muulize moja kwa moja. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kaa naye mpaka msaada ufike.

Kuahirisha masomo kwa sababu ya afya ni haki iliyoandikwa kwenye kanuni za vyuo vingi, na saa ya ukomo wa muda huweza kusimamishwa. Omba kwa maandishi kabla hujatoweka. Aliyeahirisha rasmi hurudi kwa utaratibu; aliyetoweka huanza kwa kujieleza.

Walezi wa watoto na walioajiriwa, ambao shughuli za saa 10 jioni haziwafai, wana haki ya kudai pia. Uliza kama semina hurekodiwa, kama kuna miadi ya jioni au ya simu. Mkiwa watano mnaouliza jambo lilelile, pitieni chama cha wanafunzi wa uzamili. Ratiba nyingi hazijabadilika kwa sababu tu hakuna aliyeomba.

Hatua ya 9: Miezi sita ya mwisho

Omba orodha ya ukaguzi wa mpangilio wa tasnifu kabla hujamaliza kuandika, maana pambizo na mpangilio wa marejeo vimewachelewesha wengi kuhitimu. Panga utetezi wa majaribio na watu watatu wa kundi lako, mmoja wao awe wa fani nyingine. Kituo cha ajira kione sasa, ukiwa na wasifu wa kazi ulioandikwa kwa ajili ya nafasi halisi uliyoiona ikitangazwa, hata kama unataka kubaki kufundisha.

Kabla ya kuchapisha makala, mpeleke mkutubi jina la jarida. Majarida ya kitapeli huwaandikia zaidi wanafunzi wanaokaribia kumaliza, yakiahidi kuchapisha kwa siku chache kwa malipo. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund mwaka 2003, na kama wahariri wake wanajulikana na msimamizi wako. Jisajili pia ORCID, ambako utapewa bure namba ya tarakimu 16 inayokutambulisha hata ukibadili jina au taasisi.

Halafu waulize watu wa tehama akaunti yako itafungwa tarehe ngapi. Siku ya kufungwa utapoteza baruapepe, faili zilizohifadhiwa humo na majarida ya maktaba kwa pamoja. Hamisha marejeo na data zako zilizoruhusiwa na kamati ya maadili, badili anwani kwenye ORCID na kwa majarida uliyotuma makala, na muulize mkutubi kama wahitimu wanaruhusiwa kuendelea kutumia maktaba wakija wenyewe.